Miguu Mifupi ya Hodhi la MaHadebe

Mimi nauza vitu vya mabomba. Duka langu liko hapa Bulawayo, nyuma ya soko, na ndani yake utapata koki, viwiko vya bomba, siphoni za kupindisha maji machafu chini ya hodhi, na droo nzima ya miguu ya mahodhi na ya trei za shawa, ile yenye skrubu ya kupandisha na kushusha. Wananiita MaTshuma, kwa ukoo wa baba yangu, na wanasema nina mdomo. Ninao. Mtu akija kuchagua mguu wa hodhi kwa kuangalia upi unang'aa, namuuliza kama hodhi lake anataka kuliweka sebuleni wageni walione. Mguu wa hodhi hauonekani na mtu. Ukishafunga ubao wa mbele, wa kuusifia ni mende tu.

Katika mafundi bomba wote wanaoegemea kaunta yangu, mmoja tu ndiye anayejua kuchagua mguu, naye ni Mvikeli Mlotshwa. Alijifunza kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa nyumba za reli, enzi ambazo mahodhi yalikuwa ya chuma na yalizaliwa na miguu yake. Mvikeli akiingia hakimbilii droo. Atauliza kwanza hali yangu, ya wanangu na ya kuku wangu, kisha atadokoa bila kuomba viwavi vikavu, kitafunwa chetu cha huku, ninavyotafuna hapo kaunta. Ndipo atatoa mguu mmoja na kuzungusha nati kwa vidole viwili. Ikizunguka kwa ulaini mno anaurudisha. "Huu ni wa kuahidi ahadi," anasema, "mzigo ukija utateleza." Akiupenda anausimamisha juu ya kaunta, anauwekea viganja viwili na kujiinua juu yake, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, miguu yake hewani, wateja wengine wakimkodolea macho.

Ana sauti ya kuita ng'ombe mtaa wa tatu. Na ana maneno. Lakini kipo kitu kimoja kilichokuwa kikimkausha koo papo hapo, nacho ni kutajiwa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo ni MaHadebe, mjane, ambaye mimi nasali naye kanisa moja. Kwa miaka saba tangu Mvikeli amwoe binti yake, Sikhanyiso, mkwe na mama mkwe walikuwa hawajawahi kuzungumza ana kwa ana. Hawakugombana, la. Ndiyo heshima yenyewe. MaHadebe akitaka kumwambia jambo alisema, "Mwambieni mkwe," hata kama mkwe alikuwa hatua nne kutoka hapo, akiangalia kiatu chake. Na chumba cha kulala cha MaHadebe Mvikeli hakukijua hata rangi ya ukuta.

Sasa basi, bafu la nyumba ile huwezi kulifikia bila kupita chumba cha kulala cha MaHadebe. Aliyeichora nyumba ile hakuwa na mkwe.

Mwaka jana mwanawe aliyeko Johannesburg alimletea mama hodhi la plastiki nyeupe, zuri kama yai. Aliyekuwa anapaka rangi nyumba akalitia juu ya matofali sita, akaondoka akipiga mluzi. Nanyi mnajua maji ya mji huu, siku mbili yapo na siku tano hayapo, kwa hiyo hodhi la Bulawayo hukaa limejaa hadi mdomoni wiki nzima, na mwenyewe anachota kwa jagi. Jumatano moja MaHadebe akaamua kwamba leo ataingia mzimamzima, kama mtu wa hotelini. Akashika ukingo, akainua mguu, tofali moja likachomoka. Hodhi likapiga magoti. Maji ya siku tano yakapita chumbani, yakapita sebuleni, yakachukua kandambili na kuku mmoja wa jirani, yakatokea barabarani.

Mama hakuumia, ila alikasirika. Ile jioni aliwaambia kina mama wa kanisa, nami nikiwepo: "Mimi nina mkwe fundi bomba. Mahodhi ya mji mzima yamesimama kwa ajili yake. La kwangu limelala. Basi Jumamosi saa sita mchana nimemwita Zondo."

Zondo! Tuliokuwa tukicheka habari ya kuku tukaacha. Zondo ni fundi mwenzake Mvikeli, na adui yake wa kazi kwa miaka kumi, mtu wa kuchanganya silikoni na maneno matamu. Nani atampa kazi fundi ambaye mama mkwe wake mwenyewe ameita mwingine? Kinyozi hajinyoi, watu husema na kusamehe, lakini hili lilikuwa zaidi ya kunyoa. Hili lingemfuata Mvikeli kila mlango atakaogonga, na Sikhanyiso naye lingemfuata hadi shuleni anakofundisha.

Alhamisi asubuhi Mvikeli alikuja dukani. Hakuuliza habari za kuku wangu, nikajua mambo mazito.

"MaTshuma, nipe miguu mitano ya kubeba kilo mia tatu na hamsini."

"Unamwogesha tembo?"

"Hodhi lenyewe kilo ishirini. Maji mia na themanini. Halafu..." Akaangalia dari yangu kama anayetafuta buibui. "Halafu na heshima."

"Heshima ni kilo ngapi?"

"Dada, usinifanyie hivyo."

Nikapiga hesabu kichwani. "Mlotshwa! Kilo mia na hamsini? Umemfanya mama wa watu trekta!"

"Sema polepole, watu watasikia! Sikhanyiso alisema mia na ishirini. Nami nikaongeza thelathini."

"Za nini?"

"Ningempunguziaje mama yake mtu?"

Hapa inabidi niseme ukweli kuhusu sisi. Kwetu mama mkwe mwembamba ni mashtaka dhidi ya watoto wake. Binti akiulizwa uzito wa mama yake atautaja kama anavyotaja ng'ombe wa baba yake, kwa ukarimu. Na mkwe anayejua adabu ataongeza juu ya hapo. Nilimuuliza kwa nini asitafute kipimo cha kweli, naye akakiri, huku masikio yakimwiva, kwamba alikwenda kwa mshonaji wa sare za kina mama wa kanisa akaulizia kiuno cha MaHadebe, "kwa nia njema."

"Akakwambia?"

"Alinifukuza na mkasi."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na kiwavi. Kisha nikamwonyesha tatizo. Miguu mifupi niliyokuwa nayo, ya sentimita saba hadi kumi na moja, hubeba kilo sitini kila mmoja, na chini ya hodhi lile mna nafasi ya kufunga miguu mitano tu. Hiyo ni mia tatu, basi. Ile ya chuma kinene inayobeba kilo mia moja kila mmoja ilikuwepo, lakini ni mirefu, inaanzia sentimita kumi na saba kwenda juu.

"Mirefu ni afadhali," akasema. "Siphoni itapata nafasi chini, sitahitaji kuchimba sakafu. Na kuchimba sitaweza, kwa sababu kuingia siingii."

"Sasa utaifungaje, kwa sala?"

Akanitazama kwa macho ya mtu anayeomba. Nikavua aproni. Ndivyo nilivyokuwa fundi, mimi niliyeuza spana miaka ishirini na kuzishika siku ya kuhesabu mali tu.

Ijumaa saa nne nilikuwa chali chini ya hodhi la MaHadebe, Sikhanyiso akishika tochi, na Mvikeli akiwa nje uani chini ya kidirisha cha bafu, mgongo ukiwa ukutani, uso kwenye mpapai. Hakugeuka hata nzi alipomwingia sikioni.

"Skrubu fupi!" alipaza sauti. "Ndefu zitatoboa hodhi!"

"Nimeweka fupi!"

"Umeweka ubao wa kuimarisha kwanza?"

"Mlotshwa, mimi ndiye niliyekuuzia huo ubao!"

"Pimamaji inasemaje?"

"Inasema sakafu hii ilimwagwa na mlevi!"

Ilikuwa hivyo kweli, upande wa mlango uko juu kwa nusu kidole. Tukashusha miguu miwili, tukapandisha mitatu, Sikhanyiso akizungusha nati upande usiofaa na kumwambia mumewe kupitia dirishani kwamba sasa anaelewa kwa nini hurudi nyumbani na matusi. Mwishowe kiputo cha hewa kikasimama katikati ya pimamaji. Nikafunga nati za kukazia. Nikalitikisa hodhi kwa mikono miwili, kisha kwa kiuno. Halikusogea. Nami, nasema bila aibu, nilijiona fundi.

MaHadebe akaja kulitazama. Alisimama mlangoni na shali yake, akaliangalia kutoka chini kwenda juu, na juu kulikuwa kwingi. Ukingo ulikuwa umefika sentimita hamsini na saba. Hakuligusa. Akasema asante, ile asante ya kupokea zawadi ya saizi isiyo yako, akachukua beseni lake la bati nyuma ya mlango na kutoka nalo.

"Mama," Sikhanyiso akamwita, "hutaingia kulijaribu?"

"Mwambie mkwe amefanya kazi nzuri. Zondo atakuja kesho aiangalie tu."

Nje nikasikia kichwa cha Mvikeli kikigonga ukuta, taratibu.

Sasa mimi hasira zangu ni za karibu. Nilimfuata MaHadebe jikoni, nikavuta kigoda. Nikamwambia, "Mama, mimi nimelala chini ya hodhi lako tangu asubuhi na nina saruji masikioni. Mficha uchi hazai. Kama kuna kasoro iseme."

Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani, akapandisha sketi hadi juu ya goti la kulia. Lilikuwa limevimba kama boga changa.

"Miaka mitatu sasa," akasema. "Ukingo ule siupandi. Hata ule wa kwanza, wa matofali, ulikuwa juu. Ndiyo maana siku ile niliuegemea kwa uzito wangu wote, hodhi likapinduka. Na watoto wananipigia hesabu ya kilo! Kilo zangu nazibeba mwenyewe, hazijawahi kuniangusha. Ni goti."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mkwe? Goti langu?" Alinitazama kama nimemtukana. "Au nimwambie binti yangu ili ampelekee mumewe goti langu mezani, wakila ugali?"

Hapo ndipo huruma ilinishika, kwa wote wawili. Mmoja hakuuliza kwa heshima, mwingine hakusema kwa heshima, na katikati hodhi limeinuliwa juu kama madhabahu ambayo hakuna awezaye kuipanda. Nilimpeleka bafuni, nikamwambia ashike ukuta na ainue mguu mpaka pale maumivu yanapoanza. Akainua. Nikatoa penseli nyuma ya sikio na kuchora mstari kwenye fremu ya mlango, usawa wa kisigino chake. Nikapima. Sentimita hamsini kamili.

"Mlotshwa!" nikaita dirishani. "Ukingo hamsini! Sio zaidi hata unywele!"

Akaanza kupiga hesabu: "Hodhi lenyewe lina kina cha arobaini. Miguu itabaki na kumi. Hiyo ni ile mifupi, nayo haibebi..." Sauti ikazama. "Haibebi heshima."

MaHadebe akanigeukia. "Heshima ni nini?"

Sikhanyiso akaanza kupangusa kioo kisicho na vumbi.

"Ni kilo zako, Mama," nikasema. "Wamekuandika mia na hamsini."

Nilidhani mama atazimia. Alishika sinki. Mabega yakatikisika, na ikanichukua muda kujua kwamba anacheka, anacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mia na hamsini! Mnanilisha nini nyie? Ndiyo maana yule mshonaji aliniuliza kama mkwe wangu ana akili timamu!" Akajifuta kwa ncha ya shali. "Mwambie mkwe kliniki ya mwezi uliopita ilisema sabini na sita."

"Anasema sabini na sita," nikapaza.

"Nimesikia," ukuta ukajibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuzikwa. Halafu, kwa sababu fundi ni fundi hata akiwa anazikwa, nikamsikia akijumlisha. "Ishirini, mia na themanini, sabini na sita... mia mbili sabini na sita. Mifupi inatosha! MaTshuma, mifupi inatosha!" Ile furaha ikadumu kama pumzi tatu. "Lakini siphoni haitakaa. Itabidi kuchimba sakafu chini ya tundu. Wewe huwezi kuchimba zege."

"Siwezi na sitaki."

Wote tulijua kilichobaki. Mtu wa kuchimba alikuwa pale pale, nyundo na patasi vikiwa mkobani, na kati yake na sakafu kulikuwa na chumba kimoja cha kulala. Kwetu mkwe haombi njia ya namna hiyo. Hata akifa na kiu haiombi. Anapewa, au hapewi.

MaHadebe alikaa ukingoni mwa kitanda chake. Aliangalia picha ya marehemu mumewe ukutani, kana kwamba anamwomba asigeuze uso. Kisha akasema, "Sikhanyiso, leta mablanketi."

Jumamosi asubuhi na mapema tulipanga njia. Tulifunga kamba kutoka mlango wa sebule hadi mlango wa bafu, mbili sambamba, tukatundika mablanketi saba, na moja lilikuwa na picha ya simbamarara. Mvikeli akapita katikati, kofia mkononi, macho kwenye vidole vya miguu yake, mtu wa sauti kubwa kuliko wote mjini akitembea kwa kunyata kama anayepita mbele ya mchungaji. Hakuona kitanda, hakuona kabati. Aliniambia baadaye kwamba aliona simbamarara tu, na kwamba alimwamkia.

MaHadebe alikuwa kwa jirani, kama ipasavyo, akisikiliza nyundo. Mvikeli alichimba shimo la kina cha kiganja, akakalisha siphoni ndani yake, akafungua ile mirefu, akafunga miguu mifupi mitano niliyokwenda kumletea. Mguu wa tano hakuuweka katikati kama kawaida. Aliuweka upande wa ukingo, pale ambapo mtu mwenye goti baya hutua uzito wote akipanda. Akabana ukingo wa nyuma ukutani kwa vibanio viwili vya chuma. Kabla ya kutoka alipiga magoti mbele ya ule mstari wa penseli kwenye fremu, akaweka futi yake ya kukunja kutoka sakafuni hadi mstari, kisha kutoka sakafuni hadi ukingo. Hamsini na hamsini. Alifanya hivyo mara tatu. Nilitaka kumtania, nikashindwa.

Maji yalikuwepo siku ile, neema ya Mungu. Saa tano na nusu MaHadebe akarudi, akaingia, mlango ukafungwa. Mvikeli alikwenda mbele ya nyumba kabisa, karibu na geti, akageukia barabara. Mimi na Sikhanyiso tukakaa kizingitini na sahani ya maandazi ambayo hakuna aliyeyagusa. Tulisikia koki ikifunguliwa. Tukaisikia ikifungwa. Halafu hatukusikia kitu, na hicho ndicho kitu kirefu zaidi nilichowahi kusikiliza.

Saa sita kamili Zondo akafika getini, shati limepigwa pasi, mkoba mkononi, tabasamu mpaka masikioni.

"Mlotshwa, ndugu yangu," akasema, asali tupu. "Nimeitwa na mama. Nasikia kuna hodhi limewashinda watu."

Mvikeli akageuka kuitazama nyumba. Alikuwa hajui kama mama ameweza kuingia. Hata mimi nilikuwa sijui. Sikhanyiso akasimama ili akamgongee mama yake mlango, na kabla hajapiga hatua, kidirisha cha bafu kikafunguka huko nyuma kwa kishindo.

"Mlotshwa!"

Miaka saba. Hakusema mwambieni mkwe. Alimwita yeye mwenyewe, kwa jina la ukoo wake, kama anavyoitwa mwanamume katika nyumba yake.

Mvikeli alishika geti. "Naam, Mama!" akajibu, na sauti ilimkatika katikati.

"Mwambie huyo mgeni wako arudi alikotoka! Mimi naoga!"

Zondo alituangalia mmoja mmoja, kisha akaomba andazi. Nikampa mawili. Mvikeli hakumwona akiondoka. Alikuwa amekaa juu ya yale matofali sita ya zamani, tuliyoyapanga kando ya geti, amejifunika uso kwa kofia, na Sikhanyiso amemwekea mkono begani.

Siku hizi akija kununua miguu, iwe ya hodhi au ya trei ya shawa, anauliza kwanza swali ambalo zamani hakuwa nalo. "Mwenye kuingia," anamuuliza mteja, "anainua mguu mpaka wapi?" Wakimshangaa, ananikonyeza, halafu anadokoa kiwavi changu.